Mlango Unaofungwa kwa Ndani

Nasikia kazi yangu ya zamani inatafutiwa mtu. Anatakiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, anayejua Kisomali na Kiswahili, mvumilivu, wa kumwandikia seneta michango yake ya bungeni. Jana wasichana wawili wa mtaa wetu hapa Garissa walikuja kuniuliza kazi hiyo ikoje. Mmoja aliniita mstaafu. Mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Hooyo, alicheka mpaka akajishikilia kwenye mlango.

Sawa, mimi ni mstaafu. Sijafika miaka thelathini, meno yangu yote yapo, na pensheni yangu ni mtoto wa kike anayeitwa Sumaya ambaye sasa hivi anakula sabuni. Lakini kazi nimeifanya, nimeiacha, na hasira ninayo mpaka leo. Andikeni maombi yenu, ila kwanza someni hapa.

Jina la seneta silitaji. Alikuwa seneta wa kuteuliwa, wa upinzani, mwenye ofisi Garissa na sauti ya kusemea Kaskazini Mashariki yote. Ofisini tulimwita Eedo, yaani shangazi, kwa sababu huku kwetu mwanamke aliyekuzidi umri humwiti kwa jina, na "Mheshimiwa" ni refu kama una haraka. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemzoea.

Jambo la kwanza mtakalokutana nalo ni hili. Seneta wa upinzani akiletewa mswada wa barabara, anaupinga. Mswada wa ushuru anaupinga hata kabla haujachapishwa. Lakini ukija mswada wa mayatima, au wa wazee, au wa akina mama, atapinga nini? Asimame aseme yeye hawataki mayatima? Hapo ndipo mwandishi anapolipwa. Kazi yako ni kumtafutia njia ya kuipiga serikali bila kumgusa yatima.

Njia yetu ilikuwa "Naunga mkono, lakini." Naunga mkono ni ya mayatima. Lakini ni ya serikali. Ukirefusha ile ya kwanza, chama kinampigia Eedo simu na kumuuliza kama amehama. Ukirefusha ya pili, wananchi wanapiga simu ofisini kuuliza kwa nini Eedo hapendi mayatima, na simu ya ofisini nilikuwa naipokea mimi.

Aliyenifundisha kupima hayo ni Bi Rukia, mwalimu wa Kiswahili aliyezaliwa Lamu, akaolewa hapa, akazeekea hapa, na hajawahi kusamehe joto. Alikuwa anakuja asubuhi kusahihisha nilichoandika. Kanuni za Seneti zinasema ukianza kuchangia kwa Kiswahili, umalize kwa Kiswahili. Eedo alipenda Kiswahili kwa sababu Kiingereza, alisema, kila mtu anacho. Shida ni midomo yetu. Nyinyi mnajua. P yetu inatoka b na v yetu inatoka f. Eedo akisema pesa, Nairobi wanasikia besa, na kuna maseneta wazima, watu wenye wajukuu, wanaocheka.

"Usimwandikie pesa," Bi Rukia akaniambia. "Mwandikie fedha."

"Na vijana?"

Akafikiri. "Mwandikie barobaro."

Basi kuna mchango wa Eedo kuhusu ajira ambamo hakuna kijana hata mmoja. Ni barobaro mwanzo hadi mwisho. Mtangazaji mmoja wa redio alimsifu kwa Kiswahili cha mwambao. Eedo alifurahi wiki nzima, kisha siku moja akaja ofisini amenuna.

"Kwa nini hamniandikii pesa?" akauliza.

Bi Rukia akaanza kukusanya karatasi zake.

"Nani aliwaambia mimi siwezi kusema besa?"

Bi Rukia alisema ana miadi na daktari wa macho, akaondoka. Kutoka siku hiyo tuliandika pesa moja katika kila hotuba, karibu na mwisho, wakati maseneta wengi wameshatoka kwenda kula.

Hayo ni ya kuandika. Ya kukusanya maoni ni mengine, na hapo sikilizeni vizuri kwa sababu shuleni hawafundishi. Ukienda kwa wanawake, Eldas au Takaba au hapa tu mtaani, usitoe kalamu kabla chai haijaisha. Ukiitoa mapema watakwambia shida ya maji. Shida ya maji ni ya kweli, ila haina aibu, kila mtu anaweza kuisema. Shida uliyoijia hutoka wakati vikombe vinakusanywa, na husemwa kama ni ya jirani.

Eldas nilikaa na wanawake kwenye mkeka, tukamaliza maji, tukamaliza barabara, na mmoja alipoinama kuchukua kikombe changu akasema, "Kuna mwalimu mmoja hapa alikuwa anakamua maziwa yake nyuma ya tangi la shule, anayamwaga mchangani."

"Anamwaga kwa nini?"

"Mtoto yuko nyumbani, na nyumbani ni mbali. Na kifua kinauma. Akikamua darasani watoto wataona."

"Kisha ikawaje?"

"Maziwa yakakauka. Mtoto akakonda. Akaacha kazi."

"Sasa huyo mwalimu yuko wapi?"

"Anakusanya vikombe," akasema, akaenda navyo.

Mtu kama huyo usimtaje jina, hata akikuruhusu. Mwite mama mmoja. Mimi nilimwita mama mmoja wa Eldas, na hotuba ilipotangazwa redioni wanawake kadhaa wa Eldas walipiga simu kulalamika kwamba siri yao imetolewa hadharani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye.

Lakini nimeruka. Hotuba hiyo ina historia yake.

Seneti ililetewa mswada wa akina mama wanaonyonyesha kazini. Ulisema kila ofisi itenge chumba ambapo mama atamnyonyesha mwanawe au kukamua maziwa kwa heshima. Eedo aliupenda mswada huo kuliko yote. Bahati mbaya, mwandishi wa Eedo, yaani mimi, alikuwa kwenye afartan. Kwa atakayesoma haya akiwa si wa kwetu: mwanamke akijifungua hatoki nyumbani mpaka siku arobaini ziishe. Wanawake wanampikia, wanamkanda, wanamfukizia uvumba, na mwanamume asiye wa nyumba haingii. Simu yangu Hooyo alikuwa ameificha, akisema mwanga wake unaingia kwenye maziwa.

Kwa hiyo Eedo alimtuma Dubow. Dubow ni binamu yake na ndiye msimamizi wa ofisi. Alikuja akasimama nje ya pazia na kalamu yake. Mimi nilikuwa ndani nimelala na Sumaya kifuani. Hooyo hakukubali mzazi apaze sauti kwa mwanamume aliye nje, basi akaketi katikati, kwenye kizingiti, apokee maneno yangu na kumpa Dubow.

"Mwambie aandike: Bwana Spika, naunga mkono mswada huu," nikasema.

"Anaunga mkono," Hooyo akasema nje.

"Nani anaunga mkono?" Dubow akauliza.

"Mimi pia naunga mkono. Andika."

"Mwambie: lakini serikali hii imesahau mama wa mfugaji."

"Anasema serikali haijaleta lori la maji tangu mwezi ule."

"Hooyo! Sikusema hivyo."

"Ni uongo?"

"Si uongo."

"Dubow, andika lori."

Tukaendelea hivyo. Nikafika mahali nikakwama. Nilitaka maseneta waelewe kwa nini mama akitengwa na mtoto maziwa hukauka, na wengi wao ni wanaume wanaoamini maziwa hutoka kwenye pakiti. Hooyo akachoka kungoja. Akageukia pazia, akasema ya kwake.

"Andika ya ngamia. Ngamia akifiwa na ndama hashushi maziwa. Umkamue mpaka kesho, anakutazama tu. Basi wachungaji wanaichuna ngozi ya yule ndama, wanaiweka mbele yake. Anainusa, anadhani mtoto yupo, maziwa yanashuka. Ngamia tunamhangaikia hivyo. Mwanamke wa ofisi amehangaikiwa na nani?"

Dubow akaandika yote. Alipomaliza akauliza, "Hii ya ngamia ni ya hotuba au ni maongezi?"

"Kwetu kuna tofauti?" Hooyo akasema.

Mjadala wenyewe ukaahirishwa, kisha ukaahirishwa tena kwa sababu akidi haikutimia. Mimi nikatoka afartan. Likizo ya uzazi kisheria ni miezi mitatu. Niliitwa kazini kabla haijaisha, kwa sababu mswada wa akina mama umekaribia na hakuna mwingine wa kuuandikia. Mkipata nafasi isomeni tena hiyo sentensi.

Nilimuuliza Dubow nitanyonyeshea wapi. Hooyo angekuwa ananiletea mtoto kwa tuktuk.

"Si stoo iko?" akasema.

Stoo ilikuwapo. Ilikuwa na jenereta, madumu ya dizeli, viti vibovu na mabango ya kampeni yenye uso wa Eedo akitabasamu na maneno Sauti ya Mama. Mlango wake ulikuwa na chuma cha kufuli kwa nje. Kwa ndani haukuwa na kitu. Dereva aliingia kuchukua dizeli. Mama wa chai aliingia kuchukua sufuria. Dubow aliingia kutafuta kufuli. Kila mmoja alisema "samahani" na kila mmoja alichukua alichokuja kuchukua kwanza. Kwa hiyo nilikuwa nakaa juu ya dumu, mtoto kifuani, mguu mmoja umenyooka na kuukanyaga mlango usifunguke. Jaribuni nyumbani. Maziwa hayapendi. Mtoto ananyonya kidogo, mguu unakufa ganzi, mlango unasukumwa, wewe unasukuma, mtoto anaachia na kulia, na kule nje mtu anauliza kama uko ndani.

Sumaya akaanza kukonda. Sikuhitaji daktari. Nilikuwa nimeshaandika hotuba yake.

"Dubow, niwekee komeo kwa ndani," nikamwambia.

"Ndani? Stoo inafungwa nje, walaal, dada yangu. Vitu ya ofisi iko ndani."

"Na mimi niko ndani."

"Wewe nani atakuiba?"

Nikamwandikia Eedo ujumbe Nairobi. Akanijibu kwa upole kwamba mambo ya ofisi ni ya Dubow, na akaniuliza kama ile ya ngamia naweza kuifupisha. Nikaifupisha.

Siku ya mjadala ikafika. Eedo alikuwa Nairobi, na ofisi yetu ikaalika wazee na akina mama waje kumtazama kwenye runinga ya chumba cha mbele. Dubow alipanga viti. Mimi nilikuwa stoo na Sumaya, simu yangu ikichajiwa kule mbele. Nikasikia hatua zake, nikaukaza mguu, lakini hakusukuma. Alifunga. Wageni ni wengi, vitu vya ofisi viko ndani, mtu mwenye busara angefunga. Nikasikia kufuli ikilia, kisha hatua zikaenda.

Nikaita. Runinga ilikuwa imepandishwa sauti mpaka mwisho kwa ajili ya wazee. Nikagonga.

"Nani anabisha?" nikamsikia Dubow.

"Jenereta," mtu akajibu.

"Jenereta imezimwa."

"Basi mbuzi ya jirani."

Wakaridhika na mbuzi. Halafu Eedo akapewa nafasi, na ukutani nikaanza kusikia maneno yangu. "Bwana Spika, naunga mkono mswada huu. Kule Eldas kuna mama mmoja." Chumba cha mbele kikanyamaza. Nikagonga kwenye ukimya huo, mtu akasema "Shh." Eedo akamsimulia yule mwalimu nyuma ya tangi, sauti yake ikakatika. Hiyo haikuwa ya kuigiza, namjua. Alipokuwa anasoma mwenyewe michango niliyomwandikia alikuwa analia hata ofisini. Ikaja ngamia, wazee wakasema mashallah. Likaja lori la maji, na hapo wakapiga makofi kuliko mahali pote. Kisha akasema kila mama ana haki ya chumba safi, chenye hewa na faragha, na mimi nikiwa juu ya dumu la dizeli, nyuma ya kufuli, nikawasikia wenzangu wakishangilia.

Niliacha kugonga. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi kazini hakuna mtu angeweza kuingia, basi nikashusha mguu. Sumaya alinyonya mpaka akalala.

Hooyo alipokuja kumchukua mtoto, mchango umekwisha na watu wanakunywa chai. "Binti yangu yuko wapi?" akauliza. Nikasikia chumba kizima kikimtafutia jibu. Kufuli ikafunguliwa. Dubow akasimama pale na funguo.

"Sasa wewe unafanya nini humu?"

"Nafuatilia mjadala," nikasema.

Jioni ile nilinunua komeo sokoni, la chuma, jeusi, fupi. Fundi wa jirani alinitobolea matundu, akalikaza kwa skrubu upande wa ndani. Kesho yake niliingia stoo na mtoto, nikalisukuma, likasema ta. Nikaweka miguu yote miwili chini. Mtu akasukuma mlango, ukakataa. Akasema samahani akiwa nje, na samahani yake nikaiamini. Baada ya muda si mrefu mashavu ya Sumaya yalianza kurudi. Sijui mnapata mishahara gani huko mliko, lakini mimi nimewahi kuwa na chuma kidogo kilichonifaa kuliko hotuba zangu zote.

Kisha kamati ya Seneti ikaja Garissa kukusanya maoni ya wananchi juu ya mswada huo. Eedo alipiga simu akiwa na furaha. Kamati ingependa kuona ofisi inayoonyesha mfano. "Tuwaonyeshe chumba chetu," akasema.

"Chumba gani, Eedo?"

"Kile chako."

Dubow akafanya kazi ya ajabu. Jenereta likaenda kwa jirani. Madumu yakaenda. Mabango yakageuzwa uso. Likaja zulia, pazia la kijani, kiti chenye mto, chupa ya chai, sabuni ya maji na uvumba. Mlangoni pakabandikwa kibao: Chumba cha Akina Mama. Wallahi kilikuwa kizuri. Mimi mwenyewe niliketi pale kwenye kile kiti nikataka kulia. Asubuhi ya kikao wajumbe wakaja na wapiga picha wao. Seneta mmoja akalijaribu komeo, akasema, "Hata komeo lipo!" Eedo akanishika bega.

Hooyo alikuwa amesimama kando na mtoto. Aliingia, akainama, akalinusa zulia.

"Ngozi ya ndama," akasema kwa Kisomali.

"Mama anasema nini?" mjumbe mmoja akauliza.

"Anashukuru," Dubow akasema.

Kikao chenyewe kilikuwa mchana, kwenye ukumbi wa karibu. Wakati wa chakula nikarudi ofisini kunyonyesha. Stima ilikuwa imepotea. Jenereta lilikuwa limerudi mahali pake linanguruma, madumu yamepangwa juu ya zulia lililokunjwa, kiti chenye mto kimeondoka. Dubow alikuwa amepiga magoti mlangoni na bisibisi aliyoiazima kwangu asubuhi. Anafungua komeo langu.

"Unafanya nini?"

"Hii inazuia dereva. Akitaka dizeli na wewe umejifungia, tutafanya aje?"

"Angoje."

"Umeme haingoji, walaal. Na wageni washaona." Alisema bila ubaya wowote. Skrubu ya mwisho ikaanguka. Nikalichukua komeo mkononi mwake, na skrubu zake, nikambeba mwanangu aliyekuwa analia kwa njaa, nikaenda ukumbini.

Kule wanaume walikuwa wanasema. Sauti ya wanawake wa Garissa ilikuwa imekabidhiwa mzee mmoja, mtu mzuri, aliyesema wanawake wanaunga mkono na pia barabara ya kwenda mtoni ni mbovu. Mwenyekiti wa kamati akatazama safu zetu za nyuma. "Kuna mama anayetaka kusema mwenyewe?"

Nikasimama. Eedo alikuwa mbele, kando ya wajumbe. Alitabasamu, maana mtu wake anasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "mswada wenu unasema chumba kiwe na faragha. Faragha mimi siijui inauzwa wapi. Hiki najua kinauzwa wapi." Nikainua komeo. "Asubuhi mmelishika. Sasa hivi limeng'olewa, na jenereta limerudi, kwa sababu nyinyi mmeshaona. Msiandike faragha. Andikeni mlango. Andikeni unaofungwa kwa ndani, na anayeufunga awe mama, si mwenye ofisi. Mimi nimeshafungiwa na mwenye ofisi. Nilisikia hotuba yote."

Sumaya akaongeza kilio.

"Unafanya kazi wapi, mama?" mwenyekiti akauliza. Kila mtu mle ndani alijua isipokuwa yeye, ambaye asubuhi hakufika ofisini kwetu.

"Kwa Eedo," nikasema.

Mtu akacheka, akajizuia. Nilimtazama Eedo. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inamlisha mama yangu na mimi na kwa njia fulani mtoto, na nilijua iko mdomoni mwake. Alisimama polepole, akapanga shungi lake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu ni mwandishi wangu. Nimewafundisha watu wangu kusema ukweli bila woga, hata mbele yangu. Alilosema, naunga mkono."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wakampigia yeye. Nikaketi, nikafunika kifua kwa shuka, nikamnyonyesha mwanangu palepale mbele ya kamati, nikingoja lakini.

Lakini ilikuja garini. Alinipa lifti mpaka ofisini.

"Lakini ungeniambia mimi kwanza," akasema.

"Nilikuandikia, Eedo."

Akatazama dirishani. "Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimnyonyesha ndani ya gari la kazi, dereva yuko mbele, anatazama kwenye kioo. Sikusema kwa mtu. Wewe umepata stoo nzima, na bado."

"Ulimwambia nini yule dereva?"

"Nilimwambia atazame barabara."

"Gari lilikuwa linakwenda?"

"Lilikuwa limesimama," akasema.

Dereva wetu alikuwa anatazama barabara kwa bidii sana. Nikafikiri, sasa ndiyo. Sasa ameelewa. Nikamuuliza, "Basi nilirudishe komeo?"

"Ongea na Dubow."

"Eedo, seneta ni wewe."

"Bungeni," akasema. "Ofisini ni Dubow."

Kesho yake sikwenda, na kesho kutwa sikwenda, na hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Kamati ilirekebisha mswada. Bi Rukia alikuja nyumbani kuniambia, anajipepea. Alikuwa amemsikia Eedo kwenye runinga akiunga mkono marekebisho hayo, akisema chumba kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, akiyasema maneno hayo polepole kama mwenyewe.

"Kiswahili safi," Bi Rukia akasema. "Na hayana p."

Mswada ukapita Seneti ukapelekwa bunge lile lingine, na huko umekaa. Ukikaa mpaka muhula uishe unakufa, na mtu atauanza tena kutoka mwanzo. Sumaya ameacha ziwa zamani. Anakula nyama, na kama mlivyosikia, sabuni.

Sasa nyinyi mnaotaka kuomba. Hamjanisikia nikisema msiombe. Ombeni. Eedo ni mwalimu mzuri, na kuna siku utamsikia mtu mkubwa akisema neno lako mbele ya nchi nzima na mwili wako utasisimka, hata ukiwa umefungiwa. Chai iishe kabla ya kalamu. Pesa moja tu, karibu na mwisho. Na mkifika, nendeni stoo mkautazame mlango upande wa ndani. Mtaona matundu. Fundi aliyatoboa vizuri, msitoboe mengine. Komeo liko hapa nyumbani, Sumaya analichezea. Atakayepata kazi apite alichukue, skrubu zote zipo. Bisibisi aje nayo mwenyewe, ya kwangu Dubow hakuirudisha.